Karatasi Tisa za Mwisho

Karatasi tisa za mwisho zilikuwa zimegandana kama mkate uliolowa kisha ukakaukia juani. Ukizigonga kwa ukucha zilitoa sauti ya ubao. Nilizilaza ndani ya sanduku la kioo, nikaweka bakuli la maji ya vuguvugu kando yake ili mvuke uzilainishe, nikafunga kifuniko na kungoja. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kungoja. Siku ya tatu pembe ya karatasi ya juu ilijikunja kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, nami nikapenyeza ncha ya kifaa changu bapa cha mfupa na kuanza kuzitenganisha, upana wa kidole kwa saa. Feni nilikuwa nimeizima. Upepo wake ungeweza kunipeperushia sentensi nzima.

Nilikuwa fundi wa nyaraka katika hifadhi ya jeshi. Chumba changu kilikuwa chini ya ardhi, na dirisha lake moja, lililokuwa juu karibu na dari, lilinionyesha viatu vya wapita njia tu. Kazini waliniita Mama Gundi. Nilikuwa mjane wa miaka minne: mume wangu alibanwa na mabehewa kwenye karakana ya reli, akaniachia binti mmoja, mama yake mzazi, na mdogo wake aliyekuwa jeshini. Huyo mdogo mtu tulimwita Chapchap, kwa sababu hapakuwa na mtu mzito wa mwendo kama yeye. Alipokuwa mdogo, mama mkwe alipenda kusema, ukimtuma chumvi unapika, unakula bila chumvi, unaosha vyombo, ndipo unamwona anaingia na chumvi yake mkononi, ametulia kama maji ya mtungini.

Mwaka ule majirani zetu walianza kusogeza askari wao mpakani. Mpaka wenyewe ulipita juu ya milima, na palikuwa na mahali pamoja tu ambapo gari lingeweza kupita, penyo kati ya majabali mawili ambalo watu wa huko waliliita Mlango. Chapchap alikuwa Mlangoni. Alikuwa koplo wa kuchimba mahandaki.

Hati niliyokuwa naitengeneza ilihusu Mlango huohuo. Iliandikwa kwa mkono zaidi ya miaka mia moja nyuma na kapteni mmoja aliyepewa kazi ya kulinda ile milima. Karatasi mia na kumi na mbili, sura tisa, mwandiko mzuri ulioinama kama mtama kwenye upepo. Alieleza mahali pa kuweka walinzi, jinsi ya kupanda na mizigo wakati wa ukungu, jinsi ya kujua kwa kuangalia ndege kama kuna watu upande wa pili. Mkurugenzi wetu, kanali mstaafu mwenye sauti nyororo, aliipenda kupita kiasi. Aliagiza ichapwe kitabu, kila afisa apate nakala, kila shule ipate nakala. Kabla hata kitabu hakijatoka, sura ya tatu ilikuwa inasomwa redioni kila jioni baada ya habari: "Mlango ni koo la adui. Watu mia wakilibana, elfu kumi watakosa pumzi."

Nyumbani, ikifika sehemu hiyo, mama mkwe aliongeza sauti. "Nyamazeni," alituambia, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. "Wanamtaja mwanangu."

Kwa hiyo siku nilipozitenganisha zile karatasi za mwisho nilikuwa na furaha. Hakuna mtu aliyekuwa amezisoma tangu zilowe, labda kabla mama yangu hajazaliwa. Nilichukua daftari la kazi, nikachonga penseli, nikaanza kunakili. Sura ya tisa. Kichwa chake kilikuwa: Juu ya Kuuacha Mlango.

"Yote niliyoyaandika huko nyuma," alisema Kapteni, "niliyaandika nikiwa nimeshiba."

Mwandiko ulikuwa umebadilika. Haukuinama tena, ulisimama, ukayumba, ukaanguka. Alieleza kwamba baada ya kumaliza sura nane za kwanza vita vilikuja kweli, akapanda Mlangoni na watu mia tatu na kumi, akafanya kila alichokuwa amekiandika. Kisha maji yakakatika. Pale juu palikuwa na chemchemi moja tu, chini ya jabali jeusi, nayo ilichimbuka upande wa pili wa mlima, upande wa adui, ikapita chini kwa chini na kutokeza kwetu. Adui aliiziba kwa ngozi za mbuzi na udongo. "Siku ya tisa iliacha kutoka, nasi hatukusikia hata kishindo." Walishikilia siku arobaini na moja. Aliandika walichokunywa. Sitakirudia. Alishuka na watu kumi na tisa.

"Atakayekuja baada yangu asiweke mtu Mlangoni. Amwache adui apite, ashuke, achoke, amngoje bondeni kwenye maji. Pale juu si mlango wetu. Ni mtego, na mtegaji si sisi."

Nilimaliza kunakili saa kumi jioni. Viatu vilikuwa vinapita dirishani kwa wingi, watu wakirudi makwao. Nilipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi, daftari mkononi na karatasi zenyewe kwenye trei, nikizibeba kama mtu abebaye mayai.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma yote. Nakumbuka kwamba alirudia ukurasa mmoja, na nikajiambia, huyu ni mwanajeshi, ameelewa.

"Nani mwingine amezisoma?"

"Mimi tu, mzee."

"Hazisomeki," akasema.

Nilidhani ananiuliza. "Zinasomeka, mzee. Nimenakili neno kwa neno, mahali pawili tu ndipo wino umefifia."

"Mama." Alivua miwani. "Kitabu kiko mtamboni. Kule juu kuna vijana elfu moja na mia mbili. Wanalala na sura ya tatu, wanaamka nayo. Unataka niwapelekee hii?"

"Nataka wajue habari ya maji."

"Maji wanapelekewa kwa malori."

"Na barabara ikikatwa?"

Alikwenda dirishani akasimama kule muda mrefu, na aliporudi sauti yake ilikuwa nyororo zaidi. Aliniuliza habari za nyumbani. Binti yuko darasa la ngapi? Mama mkwe bado ana nguvu? "Na yule shemeji yako," akasema, "si yuko kule juu? Kuna nafasi kwenye ghala la sare, hapa hapa mjini. Nikiandika barua leo, mwisho wa mwezi yuko nyumbani kwa mama yake."

Kisha akanisogezea fomu ya hali ya nyaraka, ambayo bila saini yangu hakuna hati inayotoka chumbani mwangu. Niliijaza mwenyewe. Karatasi ya 104 hadi ya 112: zimeharibiwa na maji, hazisomeki. Sikulazimishwa. Hakunitisha hata kwa ukope. Nilitia saini kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini, nikamwachia karatasi akazifungia kwenye kasha la chuma. Daftari hakuliuliza. Nilishuka ngazi nikiwa nimempata Chapchap.

*

Barua ilimfikia. Alikuja Jumamosi moja asubuhi, ameikunja ndani ya kofia, na mama mkwe alimlilia kifuani kisha akamgombeza kwa kukonda. Alichemsha chai, akaisahau, akachemsha nyingine. Alikuwa ameshampangia chumba: shuka mpya, msumari wa kutundikia sare. Chapchap alikunywa chai zote mbili polepole kama kawaida yake, akasifu shuka, akasifu msumari.

Nilikuwa uani naanika nguo alipokuja kunisaidia. Alichukua vibanio akavibana mdomoni, ananikabidhi kimoja kimoja.

"Shemeji," akasema kwa meno, "hii barua umeipika wewe."

"Nani kasema?"

"Mimi ni koplo wa mashimo. Makao makuu nani ananijua mpaka anipe ghala la sare? Labda kuna mkubwa ameota kipimo cha kiuno changu."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akatoa vibanio mdomoni. "Naikataa. Ningeikatalia kulekule, ila nilitaka kumwona mama. Usimwambie. Nimemwambia narudi kufuata vitu vyangu, kwamba baada ya wiki nitakuwa hapa."

Basi ikanibidi niseme. Nilimweleza palepale, kati ya mashuka yaliyolowa: sura ya tisa, chemchemi, siku arobaini na moja, na saini yangu. Nilipofika kwenye saini niliinama kuokota kitu ambacho hakikuwapo kwenye beseni.

Alivihesabu vibanio mkononi, polepole. Nilizoea upole wake wa uzito wa mwili. Huu ulikuwa mwingine.

"Kwa hiyo wenzangu wafe kwa kiu," akasema mwishowe, "mimi nikihesabu suruali."

"Nilikufanyia wewe. Na mama."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana sikasiriki." Alichukua shuka, akalitundika vibaya, akalinyoosha. "Ile chemchemi tunaichota kila siku. Malori yanaleta nusu tu. Nusu nyingine ni ile. Niandikie hiyo sura. Meja wetu ni mtu wa kusoma, kitabu hakimtoki mkononi. Akiiona mwenyewe ataelewa."

Daftari nilikuwa nimelificha nyumbani, lakini lilikuwa na muhuri na namba za ofisi kila ukurasa. Lingepotea, nami ningepotea nalo. Ikabidi ninakili upya. Jumapili asubuhi nilijifungia chumbani, nikaandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtoto anayejifunza, ili mwandiko usijulikane kuwa wangu. Yaani hata siku hiyo, nikijiambia kwamba natengeneza kosa langu, nilikuwa tayari nimeanza kujificha. Herufi kubwa zinachelewesha. Gari la askari lilikuwa linaondoka saa sita kutoka kona ya soko, na saa tano na nusu Chapchap aligonga mlango. Nilikuwa nimemaliza karatasi nane.

Ya tisa niliiangalia daftarini. Ilieleza namna Kapteni na wale kumi na tisa walivyoteremka: pita nyuma ya jabali, shika mkono wa kaskazini, kuna mti uliopinda, chini yake kuna ufa, mbuzi wanapita. Majabali na miti. Nikaona haina uzito. Habari kubwa, maji, ilikuwa kwenye zile nane. Nilizikunja, akazitia ndani ya soksi.

Mama mkwe alimsindikiza hadi kona. "Wiki moja," alimwambia.

"Wiki moja, mama. Kwa mwendo wangu, sema mbili."

*

Wiki ya tatu niliitwa juu. Ofisini kwa Mkurugenzi alikuwako luteni kijana mwenye miwani, mpole, aliyesimama nilipoingia na kunivutia kiti. Mkurugenzi alikuwa dirishani, ametugeuzia mgongo. Juu ya meza palikuwa na vitu viwili: fomu yangu, na karatasi nane zilizoandikwa herufi kubwa. Zilikuwa na mikunjo na alama ya udongo mwekundu.

"Hii taarifa ni yako, mama?"

"Ndiyo."

"Inasema karatasi hazisomeki."

"Ndiyo."

"Sasa kuna koplo mmoja kule juu anasema hii hapa ndiyo sura yenyewe. Amempa kamanda wake. Kamanda ametupigia simu, anataka kujua kama aondoe watu." Alizisogeza kwangu kwa ncha ya kidole. "Anasema aliziokota kwenye basi. Unaujua mwandiko huu?"

Nimeipitia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, zaidi ya ile nilipoletewa habari za mume wangu. Meja alikuwa ameamini. Angalau alikuwa ametilia shaka kiasi cha kushika simu. Kilichobaki ni neno moja kutoka kwa mtu aliyezisoma, na mtu huyo nilikuwa mimi, niko kwenye kiti, luteni ananingoja kwa adabu. Nilimfikiria binti yangu akitoka shule asinikute. Nilifikiria kwamba Chapchap alikuwa amekwisha kusema aliziokota, na nikikiri nitamfanya mwongo. Akili ya mwoga ni nyepesi; haikosi pa kupita.

"Siujui," nikasema.

"Kwa hiyo haya atakuwa ametunga?"

Mgongo wa Mkurugenzi haukutikisika.

"Mama?"

"Atakuwa ametunga," nikasema.

Luteni akaandika kitu, akanishukuru. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilirudi chini, nikawasha feni, nikafungua kopo langu la chakula cha mchana. Nilikuwa na njaa. Nilikula chote, nikapangusa kopo kwa kidole, na nilipokuwa nalifunga ndipo nikatambua kwamba nilichokuwa nakihisi ni nafuu. Woga ningeweza kujisamehe. Ile nafuu, mpaka leo sijui niipeleke wapi.

Siku nane baadaye barabara ya Mlangoni ilikatwa.

Redio iliendelea na sura ya tatu kwa wiki mbili nyingine. Halafu jioni moja baada ya habari walipiga muziki. Mama mkwe alizungusha kitufe huku na huku, akadhani redio imeharibika, akaigonga ubavuni. Kesho yake muziki tena. Tarehe ishirini na saba walitangaza kwamba majeshi yetu yamejipanga upya nyuma ya mto, kwa sababu za kivita. Mama mkwe aliniuliza, "Mto uko wapi na Mlango uko wapi?" Nikamwambia kwamba mto uko chini.

"Chini sana?"

"Chini sana, mama."

Alikwenda chumbani kwa Chapchap akatandika upya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia.

*

Miezi miwili baadaye alikuja kijana mmoja mwenye gongo, ametafuta nyumba yetu kwa siku nzima. Alikuwa fundi wa redio wa kikosi. Mguu wake ulipigwa risasi, akashushwa kwa helikopta ya mwisho iliyofanikiwa kutua kabla ukungu haujafunga kabisa. Tulimketisha. Mama mkwe alikaa mbele yake, karibu sana, magoti yao yakikaribia kugusana.

Alisimulia bila kuangalia mtu. Alisema Chapchap alimletea Meja karatasi, na Meja alizisoma mara mbili, akapiga simu makao makuu. Kijana mwenyewe ndiye aliyemuunganishia. Jibu lilikuja baada ya siku tatu: hati hiyo haisomeki, fundi wake amethibitisha, koplo ametunga ili kuvunja moyo askari. Meja aliona haya mbele ya maafisa wake. Hakumfunga. Alimwambia, "Kama unaipenda sana chemchemi, kailinde." Akampeleka na watu wanne kwenye jabali jeusi.

"Walimuuliza nani kampa," alisema yule kijana. "Mara tatu. Akasema kaziokota kwenye basi, chini ya kiti. Mara ya mwisho nilikuwapo. Akasema, afande, hata namba ya basi nitakutajia ukitaka. Tukacheka."

Mama mkwe alitabasamu. "Ndiye huyo," akasema.

Chemchemi ilikauka siku ya kumi na moja tangu barabara ikatwe. Chapchap ndiye aliyepanda kuleta habari, akiwa na dumu tupu, na kijana alisema hiyo ndiyo mara pekee aliyomwona akikimbia. Meja akamwita handakini. Zile karatasi zilikuwa zimepelekwa makao makuu, lakini Chapchap alizisoma kwenye lori njia nzima, alizijua kwa moyo. Alisimama mbele ya Meja akazighani zote nane kama mwanafunzi.

"Meja akamuuliza, 'Wale kumi na tisa, walishukaje?'" Kijana alisogeza gongo lake. "Akasema, 'Ziliishia hapo, afande.'"

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na trei ya vikombe. Sikuiangusha. Watu husema mikono hulegea. Yangu ilikaza hadi vidole vikauma.

"Kesho yake akajitolea kutafuta njia. Alisema kama watu kumi na tisa walishuka, basi njia ipo, haiwezi kuwa imekwenda popote. Akachukua wale wanne. Hiyo ndiyo siku niliyopigwa mimi, lakini niliwaona wakiondoka, nilikuwa mlangoni mwa handaki. Walipita mbele ya jabali, wakashika upande wa kusini."

"Kaskazini," nikasema.

"Hapana, dada. Kusini. Niliwaona."

Kijana alimalizia: kwa alivyosikia baadaye, hawakurudi, wala milio haikusikika. Kusini kule ni genge tupu, mwamba wima, ukungu ukishuka huoni mguu wako mwenyewe. Katika watu elfu moja na mia mbili, alikuwa amesikia waliorudi hawafiki sitini, na wote walikuwa majeruhi walioshushwa mapema kama yeye.

Mama mkwe aliniambia, bila kugeuka, "Mpe mgeni maji kwanza. Chai baadaye." Nilikwenda jikoni, nikajaza bilauri, nikamletea. Alikunywa yote, na sote tulimtazama akinywa.

*

Amani ilitiwa saini mwaka uliofuata. Mpaka ukashushwa hadi mtoni, Mlango ukawa wao. Kitabu kilikuwa kimeshachapwa, sura nane, chenye picha ya Mlango kwenye jalada. Wakakiondoa shuleni kimyakimya. Mkurugenzi alistaafu mara ya pili, kwa heshima. Karatasi zenyewe sijui ziliko. Mwaka wa tatu nilipata ujasiri, ujasiri wa mtu ambaye hana tena wa kumwokoa, nikalichukua daftari nikaenda nalo kwenye gazeti moja. Mhariri alisoma kurasa mbili akafunika.

"Ni habari ya kusikitisha, dada," akasema. "Lakini mpaka wenyewe haupo tena. Nimwambie msomaji alinde nini?"

Binti yangu alikua, akaolewa mji wa mbali. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga hakuinuka tena. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Majirani walinisifu mbele yangu na nyuma yangu. Mkwe kama huyo, walisema, siku hizi hapatikani. Kila sifa iliniingia kama mwiba, nami sikuwa na mahali pa kuutolea.

Siku moja baada ya adhuhuri nikiwa nampaka mafuta miguuni, nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nilianza na saini, nikaja kwenye herufi kubwa, nikaja kwa luteni na neno nililomjibu, nikamaliza na karatasi ya tisa ambayo sikuinakili. Nilisema yote nikiitazama miguu yake. Ilikuwa midogo, ngozi imelegea kama soksi iliyopwaya.

Aliivuta shuka hadi kifuani.

"Najua," akasema.

Niliinua uso.

"Yule kijana aliposema wamekwenda kusini, wewe ulisema kaskazini. Nani mwingine angejua? Nimekaa na wewe miaka mingapi, kazi yako si naijua?"

"Mama, mbona hukusema?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Miaka yote hii. Hukunifukuza, hukunitukana. Kwa nini hukusema?"

Alinitazama, si kwa hasira, wala kwa kitu chochote ambacho ningeweza kukiita huruma. Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa nyumba anamoishi.

"Ningesema," akasema, "ningekaa na nani?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo, anatengeneza bati. Alipiga, akaacha, akapiga. Mama mkwe alifumba macho.

"Nigeuze," akasema. "Ubavu huu umeanza kuniuma."

Nikaingiza mikono yangu chini yake, taratibu, nikamgeuza.